Bezi Haimbi

Kama hukuwahi kufukuzwa nje na Mwalimu wa kwaya, basi wewe hukuishi mtaa wetu. Alifukuza watu kwa kukohoa, kwa kufungua pipi, kwa mtoto kunyonya kwa kelele. Mimi alinifukuza kwa sababu ya bangili. Siku moja alimtoa nje mzee wa kanisa mzima, na suti yake, kwa kuwa viatu vyake vipya vilikuwa vinalia. Alikuwa anarekodi, na Mwalimu akirekodi, hata malaika walitakiwa wakunje mabawa.

Aliyefukuzwa kutushinda sote alikuwa Nekesa, binti wa jirani yangu Mama Nekesa. Ndiye aliyekuwa mwimbishaji wetu, sauti ya kwanza, na Mwalimu alimpenda kwa hiyo sauti. Lakini Nekesa alikuwa na kicheko. Kilikuwa kinaanza puani, kinapanda, halafu kinamponyoka katikati ya ubeti mtakatifu kabisa, na kwaya nzima inaangua kicheko naye. Mwalimu anabonyeza kitufe, anarudisha kaseti nyuma, anafuta. “Nekesa, unaniharibia rekodi. Nje.” Nekesa anatoka huku mabega yanamtikisika, na tunamsikia akimalizia kicheko chake huko kwenye kamba za nguo.

Mimi nilikuwa sauti ya pili, na bado ni mshonaji. Cherehani yangu ilikaa barazani, mlango kwa mlango na chumba cha Mwalimu, katika zile nyumba za kanjo, yaani za baraza la jiji, zilizo mbele kidogo ya Kariobangi. Kwa hiyo yale ninayoyasema hapa sikuambiwa na mtu. Niliyaona nikiwa na sindano mkononi, na mengine natamani ningekuwa nimeangalia kando.

Mchana Mwalimu alikuwa karani wa bohari huko Industrial Area. Alikwenda kwa miguu na kurudi kwa miguu, shati jeupe, kalamu mbili mfukoni, na njiani alikuwa anapiga mluzi wa sauti ya tatu, kamwe si ya kwanza. Alisema sauti ya kwanza kila mtu anaijua, haihitaji msaada. Alikuwa mtu wa namna hiyo. Chai hakuinywa kwa mtu yeyote, akidai atazoea, lakini ukiugua alikuwa wa kwanza kufika na chupa ya uji, anaiweka mlangoni na kwenda zake bila kubisha. Mkali kama pilipili, na huyo huyo ndiye aliyekaa na mtoto wangu Mutua wiki nzima nilipolazwa, akamfundisha kusoma do-re-mi na kufua soksi.

Na kitu kingine: mtu huyu aliyetunza sauti za watu wote hakutaka sauti yake itunzwe. Ukimwambia, “Mwalimu, na wewe sema neno,” anaweka mkono mbele ya maikrofoni kama mtu anayekinga mshumaa. “Sauti yangu ni ya kuita watu kwenye mazoezi. Hiyo haiwekwi.”

Sasa nikueleze habari ya kutunza. Siku hizo wengi wetu tulikuwa na watu mashambani wasiojua kuandika. Mama yangu alikuwa Kitui, hajui a wala be. Basi tulikuwa tunatumiana kaseti. Yeye anaongea upande mmoja huko nyumbani, anampa kondakta wa basi, inanifikia. Nami ninaongea yangu, ninaituma. Mtaani kila nyumba ilikuwa na kaseti za namna hiyo, Wakamba kwa Waluhya, na kila nyumba ilikuwa na kilio kile kile: utepe umeliwa na redio, utepe umekunjamana, mtoto amenasa muziki wa disko juu ya salamu za babu.

Ofisi yao ilipotupa kompyuta zilizozeeka, Mwalimu aliomba akapewa. Alizibeba kwa mkokoteni. Alizifungua zote akatengeneza moja, haina kifuniko, matumbo nje, imekaa juu ya meza ya kulia chakula, na yeye akawa anakula akiwa amepakata sahani. Ndani yake alifunga diski nne. Akatangaza kanisani: leteni kaseti zenu, nitaingiza sauti kwenye mashine, hazitakunjamana tena.

Diski hizo akazipa majina ya sauti nne za kwaya. Soprano, Alto, Tena, Bezi. Soprano ilitunza nyimbo zetu, zile alizotunga yeye mwenyewe, ambazo kila mwaka alisema zitatoka kaseti, na kila mwaka akasikia kasoro akasema bado. Alto na Tena zilitunza salamu za watu. Na Bezi?

“Bezi ana nini?” Nekesa akauliza. Siku hiyo tulikuwa tumejaa chumbani kwake baada ya mazoezi.

“Bezi hana chochote chake,” Mwalimu akasema. “Ukimsikiliza peke yake utasikia makelele tu. Bezi haimbi. Bezi anakumbuka wenzake.”

Tukamcheka. Akachukua vifuniko vya soda vitatu akaviweka mezani, vingine vimelala chali, vingine kifudifudi. “Hawa ni Soprano, Alto na Tena. Ninaongeza cha nne, huyu ni Bezi. Ninamlaza vile itakavyofaa ili walio chali wawe shufwa. Wawili, au wanne, au hakuna. Sasa nageuka. Funikeni kimoja kwa kikombe.”

Tukafunika. Akageuka, akatazama vile vitatu vilivyobaki. Aliye chali alikuwa mmoja tu. “Basi mliyemficha yuko chali,” akasema. Tukainua kikombe, kweli. Tukarudia, tukabadilisha, akapatia kila mara. Alisema ndani ya mashine mambo ni hayo hayo, ila vifuniko ni vingi kama mchanga, na hiyo programu ya kuvihesabu aliiandika mwenyewe. Diski moja ikifa, yoyote ile, hizo tatu zilizobaki zinakaa chini, zinahesabu, na aliyekufa anarudi mzima.

Nekesa akavuta vikombe viwili. “Na tukificha wawili, Mwalimu?”

“Msifiche wawili.”

Basi kicheko kikamtoka, na sisi wengine tukamfuata. Hakuna aliyemfukuza siku hiyo kwa sababu hakuna kilichokuwa kinarekodiwa.

Tulimwamini Bezi kuliko benki. Ndipo tukafanya jambo ambalo mtu wa mtaa mwingine angetushangaa. Kwaya ilihitaji kaseti za kurekodia mazoezi, na kaseti mpya zilikuwa ghali. Mwalimu akasema, kwa vile sauti ziko salama kwenye mashine, hizi kuukuu za nini? Toeni kwa kazi ya Bwana. Tukatoa. Nilimpa za mama yangu zote, pamoja na zile zangu nilizomtumia, ambazo nilizirudisha kutoka Kitui baada ya kumzika. Tukarekodi mazoezi juu ya kaseti hizo. Mwenyewe niliimba sauti ya pili juu ya salamu za mama yangu, nikifurahi kuwa tumebana matumizi.

Halafu Nekesa akaugua. Alikuwa na mtoto mchanga, Nanjala, asiye na baba wa kutajwa. Ulikuwa ugonjwa ule ambao miaka hiyo tuliuita kikohozi na kuuacha hapo. Alipoona hauponi, alimwomba Mwalimu amletee kinasa sauti nyumbani kwa mama yake. Alitaka kumwachia mtoto maneno. Wiki kadhaa alikuwa anarekodi akiwa kitandani, hadithi, maombi, jinsi ya kupika mrenda, na namna ya kumjua mwanamume mwongo. Mwalimu alikuwa anakaa nje kwenye ngazi akisubiri. Nekesa alikohoa katikati, alicheka katikati, na Mwalimu hakusema neno. Alipofariki, zile kaseti akaziingiza kwenye Tena. Kisha, kwa idhini ya Mama Nekesa, tukazitumia kwa mazoezi ya Krismasi.

Ulikuja ule mwaka wa mgao wa stima. Asubuhi mnapata, mchana mnakatiwa. Ijumaa moja jioni ilirudi kwa hasira: balbu yangu iliwaka nyeupe, ikapasuka. Jumamosi asubuhi nikamsikia Mwalimu anaongea peke yake. Nikachukua chai, nikijua hatakunywa, nikaingia.

Mashine ilikuwa inawaka. Mwalimu alikuwa amepiga magoti mbele ya meza, sikio karibu na zile diski, kama daktari. Kulikuwa na kitu kinagonga ndani, ka, ka, kinapumzika, ka, ka.

“Alto amekufa,” akasema. “Huyu anayegonga ni Tena. Yuko njiani. Nikimzima hataamka.”

“Na Bezi?”

“Bezi mzima. Soprano mzima. Lakini stima inakatwa saa sita, Mama Mutua, na sina diski nyingine, na duka la kuniuzia nitalifikia saa ngapi.” Akajifuta uso kwa kola ya shati. “Bezi anaweza kuvaa nguo ya mtu mmoja. Nikimsoma Tena sasa, kwa hesabu, Bezi anageuka kuwa Alto. Au Bezi namfanya Tena, na Alto ndiyo basi.”

Nilijua mama yangu yuko ndani ya Alto. Nilijua na Nekesa yuko wapi. Mwalimu alinitazama, akangoja. Ningeweza kusema, mtoto wa Nekesa hajawahi kumsikia mama yake, mimi wangu nilimsikia miaka thelathini. Sentensi hiyo ilinijia yote, imeshonwa tayari. Nikasema, “Wewe ndiye unayejua, Mwalimu.” Nikarudi kwenye cherehani yangu na kushona makalio ya suruali moja mara mbili.

Alimwokoa Alto. Alikuwa na sababu: ndani ya Alto mlikuwa na familia nyingi, na ndani ya Tena alikuwemo Nekesa na mahubiri ya zamani. Saa sita stima ilipokatwa, kugonga kukanyamaza. Mchana huo huo tulimwendea Mama Nekesa, mimi na yeye. Mwalimu akasema, “Mama, stima imetuchukulia.” Mama Nekesa alikuwa anachambua mchele. Aliendelea kuchambua. “Stima ni ya serikali,” akasema, “tutamshtaki nani?” Akatukaribisha chai, na ajabu, siku hiyo Mwalimu alikunywa. Mimi nilikaa pale nimefunga mdomo. Mwenye kubakiwa na mama alikuwa mimi, na nilikunywa chai ya yule aliyepokonywa binti.

Baadaye Mwalimu alirudishia watu wa Alto sauti zao kwenye kaseti mpya, alizonunua kwa mshahara wake. Yangu, mama upande mmoja na mimi upande wa pili, niliifunga kwenye leso nikaiweka chini kabisa ya sanduku. Sikuipiga. Kuta za kanjo ni nyembamba, ningempigaje mama yangu jirani akisikia? Nilijiambia hivyo mwaka baada ya mwaka. Yeye naye akaacha kwaya. Alisema koo limechoka. Vijana wakasema amejaa maringo, hizo nyimbo zake kazifungia ndani. “Niaje, Mwalimu, album inadrop lini?” walimpigia kelele akipita, naye akainua mkono bila kugeuka. Hata mluzi nikawa sisikii tena.

Sasa nakuja mwisho, na mwisho wenyewe uliletwa na sare ya shule. Nanjala alikuwa anaingia darasa la kwanza. Mama Nekesa alimleta nimpime, na mtoto akiwa amesimama kwenye stuli, mikono juu, bibi yake akaniambia polepole, “Huyu ananiuliza mama yake alikuwa anaongea vipi. Nimejaribu kumwigiza. Mimi si mwigizaji. Hivi Mwalimu hana hata wimbo mmoja wa kwaya? Si Nekesa ndiye alikuwa mbele?”

Chaki ikanianguka. Lo! Jinsi tulivyokuwa wapumbavu! Soprano! Kaseti za mazoezi tulizirekodia juu mara kwa mara zikaisha, lakini Soprano haikudhurika, na kila wimbo wa Soprano ulikuwa na Nekesa mbele. Niliiacha futi ya kupimia shingoni mwa mtoto nikavuka baraza.

Mwalimu alikuwa amekwisha kupunguzwa kazini. Alikuwa anatengeneza redio za watu. Zile diski sikuziona tena mezani, alikuwa amepakua chakula anakula mezani kama binadamu. Nikamweleza haraka haraka. Akaweka kijiko.

“Nilizifuta,” akasema.

“Ulifuta nini?”

“Soprano. Wiki ile ile.” Hakuinua macho. “Siku ile nilikwambia Bezi anaweza kuvaa nguo ya mtu mmoja. Ni kweli. Lakini diski nzima zilikuwa mbili, Mama Mutua. Bezi na Soprano. Ningemfanya Bezi awe Alto, na Soprano awe Tena. Watu wote wangepona. Cha kupotea kilikuwa nyimbo zangu tu. Nililiona hilo kabla hujaingia na chai. Nililiona, nikaliruka. Viti vilikuwa viwili na watu watatu, na mmoja aliyekalia kiti alikuwa mimi.” Akasogeza sahani kando. “Baadaye sikuweza kuzisikiliza. Nikazifuta ili nisiwe nimefaidi.”

Hasira iliyonipanda sijui niliitoa wapi. “Mwalimu, wewe ni mjinga!” Sijawahi kumwambia mtu mzima hivyo. “Ulifuta ili wewe upate usingizi! Nekesa alikuwa humo! Alikuwa amebaki humo, nawe ukamtoa nje kama kawaida yako!”

Alipokea yote, kichwa chini. Na mimi nikiendelea kufoka nikajua ninayemfokea si yeye peke yake. Tulikuwa wawili chumbani humo siku ile. Nikaketi.

Halafu Mwalimu akafanya kile alichokuwa akifanya zamani mtu akipotea kwenye sauti: akainamisha kichwa, akafumba macho, akasikiliza kitu ambacho sisi hatukisikii.

“Kaseti yako ya Pasaka,” akasema.

“Ipi?”

“Uliyomtumia mama yako, ukaja kuirudisha. Unamweleza habari ya kuku. Mtu anabisha kuomba sufuria. Nilitaka kuikata sehemu hiyo wakati wa kuingiza, ilikuwa inaharibu. Nikaiacha kwa uvivu.” Akafumbua macho. “Iko kwenye ile niliyokurudishia. Hujawahi kuipiga?”

Nilikwenda sandukuni. Leso ilikuwa na harufu ya dawa ya nondo. Tukaitia kwenye redio mojawapo ya wateja wake, na mama yangu akajaa chumbani, akinilaumu kwa kutokula vizuri, nikalia kidogo kama nilivyojua nitalia. Kisha ukaja upande wangu. Nikajisikia kwenye utepe, kijana, mwenye maneno mengi, nikisimulia kuku. Hodi ikabishwa. Na sauti: “Mama Mutua, niazime sufuria ile kubwa. Unaongea na nani? Na susu, bibi yake Mutua? Hebu nimsalimie! Wi museo, susu! Ni mimi Nekesa, nimesema vizuri?” Kikamba chake kilikuwa cha kutia aibu, naye alikijua hivyo, kwa maana kicheko kikaanzia puani, kikapanda, kikamponyoka, kikajaza utepe mpaka mwisho wa upande.

Ilikuwa sandukuni mwangu. Miaka yote ile nilimficha Mama Nekesa mama yangu kwa haya, na humo humo nikamfungia binti yake.

“Twende,” nikamwambia.

“Wewe nenda.”

“Mwalimu, inuka.”

Aliibeba redio. Nanjala alikuwa bado amesimama juu ya stuli na futi yangu shingoni, maana hakuna aliyemwambia ashuke. Mama Nekesa alisikiliza mara ya kwanza akiwa wima. Mtoto alisikiliza akiwa ametoa macho, na kicheko kilipofika, cha kwake kikamtoka, kutoka puani, kile kile, mpaka bibi yake akashika ukuta.

“Ulikuwa nayo siku zote?” akaniuliza.

“Nilikuwa nayo.”

“Rudisha nyuma.”

Nikarudisha. Tukasikiliza tena, na tena. Mwalimu alikuwa amebaki mlangoni, mguu mmoja ndani, mmoja nje, mikono imeshikana mbele. Ndipo Mama Nekesa akamgeukia, hana hasira hata chembe, anauliza tu kama mtu anayetaka kuwa na hakika.

“Mwalimu, hiki si ndicho kicheko ulichokuwa ukikifuta?”

“Ndicho, Mama,” akasema.